Nusu inchi ya nani?

Chukua rula, pima kwa nje ncha yenye thredi ya bomba la nusu inchi. Utapata karibu milimita 21, ilhali nusu inchi halisi haifiki 13. Hujaibiwa dukani. Jina hilo lilitokana na tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani. Mabomba yakabadilika, jina likabaki.

Mishamo, kutojua hilo kunagharimu nauli. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Vijiji 16 vikafunguliwa porini, na wengi wa wakazi wake sasa ni raia wa Tanzania. Ukitaka duka lenye vifaa vya kuchagua, unakwenda Mpanda mjini. Ukirudi na nipo (kiungo kifupi chenye thredi) isiyo yake, maji yatasubiri safari nyingine.

Mabomba yetu yanafuata thredi za Mwingereza, BSP, zilizotokana na Joseph Whitworth aliyependekeza mwaka 1841 pembe ya nyuzi 55. Mmarekani William Sellers akaja mwaka 1864 na pembe ya nyuzi 60, na hiyo ndiyo inayotumika kwenye NPT, thredi za mabomba za Kimarekani. Ugomvi wenyewe umejificha kwenye nusu inchi na robo tatu: zote mbili, za Mwingereza na za Mmarekani, zina thredi 14 kwa kila inchi. Kwa hiyo zinaingiana! Unazungusha kwa mkono raundi mbili tatu, unakaza kwa spana, inabana, unamlipa fundi. Kesho yake kiungo kinatoa jasho, kwa sababu pembe hazilingani na maji yamepata njia katikati. Inchi moja ina nafuu, maana 11 za BSP zinagoma mapema mbele ya 11 na nusu za NPT.

Hapo ndipo tepu nyeupe hupewa kazi isiyo yake. Tepu husaidia thredi iliyochongoka kuziba; haigeuzi nyuzi 60 kuwa 55. Na BSP iliyonyooka huzibwa na wosha, si tepu.

Kwenye trekta mambo ni mazito zaidi. Viungo vingi vya haidroliki havizibwi na thredi bali na nyuso mbili zilizokatwa mshazari zikakutana: JIC ya Kimarekani kwa nyuzi 37, viungo vya Ulaya vya milimita kwa 24. Ukilazimisha visivyolingana, mafuta hutoka kwa msukumo unaoweza kutoboa ngozi. Usipapase mpira unaovuja kwa kidole. Zima injini, shusha mzigo, presha iishe kwanza. Aliyechomwa na mafuta hayo aende hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Kwa hiyo unapokwenda Mpanda, beba kipande cha zamani mfukoni. Mwambie muuzaji akifunge kwa mkono kwenye kipya mbele ya macho yako. Kikigoma au kikicheza, usilipe.