Mji wa Wazee Jangwani, na Mjukuu Aliyebisha Hodi

Katika mikutano yetu na jamaa zilizohama, na katika vijiji vinavyozipokea, swali moja hurudi kila mara: nani anaamua ni nani akae hapa? Safari hii tunachukua mfano wa mbali: Youngtown, mji mdogo katika jangwa la Arizona, Marekani.

Mwaka 1954 Ben Schleifer, mwuza nyumba, pamoja na mwenzake Clarence Suggs, walianza kujenga nyumba ndogo za bei nafuu kwenye mashamba karibu na Phoenix. Schleifer alihuzunishwa na wazee waliofungiwa katika nyumba za kutunzia wakongwe. Alitaka wastaafu wajitegemee, wakae na watu wa rika lao. Hata jina alilichagua kwa makusudi: maana yake ni Mji wa Vijana! Lakini watoto hawakuruhusiwa kukaa humo, ila kutembelea tu.

Kwetu mzee asiye na wajukuu karibu naye huhurumiwa, na sharti hilo linashangaza. Tusiwacheke haraka. Wengi wao walikuwa na pensheni ndogo, na hapo walipata nyumba, utulivu na majirani wa kuzungumza nao. Mwaka 1960 tawi la kwanza la AARP, shirika kubwa la wastaafu wa Marekani, lilianzishwa humo. Tarehe 1 Januari mwaka huohuo, Sun City ilifunguliwa jirani yake. Ilikuwa kubwa zaidi, na watu kama 100,000 walikuja kuitazama kwa siku tatu. Youngtown ikabaki kivulini.

Shida ilikuja katika miaka ya 1990. Kijana wa miaka 16, aliyekimbia mateso nyumbani kwao, alipokelewa na babu na bibi yake. Wakuu wa mji walikataa asikae, wakawatishia wazee hao faini. Fikirini: kanuni iliyotungwa kumlinda mnyonge mmoja ikawa inamfukuza mnyonge mwingine.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 ilikataza kunyima jamaa nyumba kwa sababu ya watoto. Iliacha nafasi kwa mitaa ya wazee, lakini kwa masharti. Kwa mitaa ya miaka 55, angalau nyumba 80 katika kila 100 zinazokaliwa ziwe na mtu aliyefikia umri huo, na mtaa uweze kuthibitisha hayo. Mwanasheria Mkuu wa Arizona aliingilia kati, ikaonekana kanuni ya Youngtown haisimami kisheria. Mwaka 1998 ikaondolewa.

Wazee wengine walikasirika, nasi tunawaelewa: walinunua nyumba wakiamini ahadi. Jamaa changa ziliingia. Wakaaji, waliokuwa 3,010 mwaka 2000, walifikia 7,056 mwaka 2020. Sun City, kwa upande wake, imeshika sharti lake la umri hadi leo.

Viongozi, katika kikao kijacho someni kanuni za kambi au kijiji chenu kwa sauti. Ulizeni ziliandikwa na nani, na mtoto anayekimbia aende kwa nani kuomba ruhusa ya kukaa.