Veluru ya Kasai: tunaikalia bila kujua jina lake

Ukiingia ku nyumba zingine za Ibanda, utaikuta ku mgongo wa kiti cha salon: kitambaa cha rangi ya udongo, kahawia na nyeusi, chenye michoro ya pembe-pembe. Wengine wanakitandika juu ya kitanda. Muulize mwenye nyumba mchoro huo unaitwaje. Atajibu: "Iyi iko veluru ya Kasai." Basi. Ni sawa kumuita mtu "mutu ya Bukavu" na kuona umemjua.

Kitambaa hicho ni kazi ya Wakuba, upande wa Mweka na Nsheng, mahali mfalme wao anakaa. Mwanaume ndiye anafuma, kwa nyuzi za majani ya rafia. Kisha kazi inapita mikononi mwa wa mama. Mama anapitisha uzi laini kwa sindano, anaukata karibu kabisa kwa kisu kidogo, nywele fupi zinabaki zimesimama. Hafungi fundo hata moja. Wala hachori kwanza, mchoro uko ndani ya kichwa chake. Kipande kimoja kinaweza kula miezi na miezi, sababu shamba na watoto pia vinamngoja.

Na michoro iko na majina. Kuna wenye jina la Woot, babu wa kwanza wa Wakuba. Wanasimulia pia kwamba miaka ya 1920 wamisionari walimuonyesha mfalme pikipiki. Pikipiki yenyewe haikumshangaza sana. Alama ya pneu ku mchanga ndiyo ilimpendeza! Akaamuru ichukuliwe kama mchoro, ukapewa jina lake.

Kwao, nguo hizi familia inazitunza miaka mingi. Siku ya kilio, marehemu anavalishwa rafia ili wahenga wamtambue, na nguo zingine anazikwa nazo. Sisi tunaziegemea tukitazama mpira.

Wageni walizipenda mapema. William Sheppard, mmisionari Mwamerika aliyefika kwa mfalme mwaka 1892, alikusanya zingine ambazo leo ziko Hampton, huko Virginia. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alizitundika ku ukuta wake. Majina ya wa mama waliozitengeneza hayakusafiri nazo.

Mwenye iko nayo asiifue kwa maji. Aikung'ute tu, na wakati wa mvua, kuanzia Septemba, aiweke mbali na ukuta wenye unyevu.

Lakini tusiwacheke wenye nyumba za Ibanda peke yao. Mikeka ya mafunjo ambayo koko zetu walilalia huku Bushi, kabla ya godoro la musi, nayo ilikuwa na mistari yake. Pale redaksioni tuliulizana mistari hiyo iliitwaje. Tulinyamaza wote. Msomaji mwenye koko Kabare ao Walungu, muulize wikendi hii, kisha utuletee hata jina moja.