Mti Unaoota Jukwaani

Wiki hii tuelekee New York, kwenye kituo cha sanaa kiitwacho Lincoln Center. Kila mwaka baridi inapoanza kuuma, wazazi huwapeleka watoto wao pale kutazama dansi ile ile, The Nutcracker, iliyopangwa na George Balanchine mwaka 1954 kwa muziki wa Tchaikovsky. Kwa nini hawachoki?

Mimi nasema ni kwa sababu ya watoto. Hawaketi vitini tu; makumi yao, wanafunzi wa shule ya dansi, wamo jukwaani. Mti wa Krismasi hurefuka mbele ya macho yao hadi kufikia kama mita 12, na theluji ya karatasi ikawamwagikia wachezaji.

Lakini ipo na hesabu. Fedha za tiketi za majira haya husaidia kulipia maonyesho mengine ya mwaka, yale yasiyojaza ukumbi. Kwa hiyo bei si ya mchezo, na baba mwenye watoto wanne akiamua kubaki nyumbani, simlaumu hata kidogo.

Mwaka 2020 korona ililifuta onyesho. Mwaka 2021 mazoezi yalipoanza, chanjo ya walio chini ya miaka 12 ilikuwa bado haijaidhinishwa. Wakachukuliwa wakubwa zaidi, na mavazi ikabidi yashonwe kwa miili mirefu. Hata hivyo, Desemba ile ile ugonjwa ulilisimamisha tena. Wale wadogo wakarudi jukwaani mwaka 2022.