Upanga wa Kijapani wa Urithi (2): Kutu ya Msuka Isiguswe

Wiki iliyopita tuliona jinsi panga za Kijapani zilivyotawanyika duniani baada ya Agosti 1945, pale maofisa wa Japani walipoamriwa kusalimisha silaha, na askari wa Marekani na Uingereza wakarudi nazo makwao. Wengi wa askari hao wameshafariki, na panga zimebaki mikononi mwa watoto na wajukuu. Mrithi akiuchomoa upanga na kukuta madoa, hukimbilia msasa. Namsihi auweke kando. Kwa saa moja ya kusugua anaweza kufuta ushahidi wa karne nne.

Tuanze na mpini. Katika panga nyingi za kale haukugundishwa: umeshikwa na kijiti cha mwanzi kinachopenya tundu la mpini na la chuma kwa pamoja. Kijiti hicho ni chembamba upande mmoja, na upande huo ndio wa kusukumia, kwa kipande cha shaba au mti mgumu. Kikishatoka, shika mpini kwa mkono wa kushoto, ncha ikielekea juu na makali yakiwa mbali nawe, kisha ugonge taratibu kifundo cha mkono huohuo kwa ngumi ya kulia. Chuma kitalegea chenyewe. Kikigoma, acha.

Kinachojitokeza ni msuka, yaani sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Mhunzi wa Kijapani aliupiga tupa kisha akauacha upate kutu kwa makusudi. Kutu ya karne nyingi huwa nyeusi yenye ukahawia, laini, imejaa ndani ya mistari ya tupa. Kwenye upanga wa miaka ya vita kutu ni nyepesi, na mistari ya tupa bado imekaza. Mtaalamu husoma umri hapo kabla hajaangalia kitu kingine chochote. Ndiyo maana upanga ambao msuka wake umesuguliwa hushuka thamani papo hapo, na hakuna fundi awezaye kuirudisha kutu hiyo.

Hapo pia ndipo jina la mhunzi huchongwa, pengine pamoja na mji na mwaka. Elekeza ncha juu, jina likikutazama. Makali yakiwa kushoto, upanga ulitengenezwa uchomekwe mshipini makali yakiangalia juu. Yakiwa kulia, kwa kawaida ni wa mtindo wa zamani zaidi, ulioning'inizwa makali chini. Ila jina peke yake halitoshi. Majina ya wahunzi mashuhuri kama Masamune na Kotetsu yameghushiwa kwa karne kadhaa. Kwa upande mwingine, panga nyingi bora hazina jina kabisa kwa sababu zilifupishwa kwa kukatwa upande wa msuka, na jina likaondoka na kipande kilichokatwa. Ukikuta nambari imegongwa kwenye bapa karibu na mpini, na mpini wenyewe ni wa madini uliopakwa rangi kuiga nyuzi, huo ni upanga wa kiwandani wa masajini. Utunze kama kumbukumbu ya vita.

Sasa tazama bapa chini ya taa moja, ukiinamisha ncha kuelekea kwenye mwanga. Kandokando ya makali utaona mstari mweupe kama ukungu. Mhunzi hupaka udongo mzito mgongoni na mwembamba penye makali, akauchoma upanga na kuuzamisha majini. Makali hupoa haraka yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole ukabaki na ustahimilivu. Mstari wa kweli una chembechembe zinazometa ndani yake, na ule uliochorwa kwa tindikali umelala bapa, hauna uhai.

Utunzaji wenyewe ni mwepesi. Usiguse bapa kwa vidole, maana jasho huacha alama ya kutu. Chomoa upanga makali yakiwa juu, uteleze kwa mgongo. Futa kwa kitambaa laini kuanzia mpini kwenda ncha, kisha pakaa mafuta kidogo mno. Wajapani hutumia mafuta mepesi yaliyotiwa mafuta ya karafuu, harufu ambayo mtu wa Pemba ataitambua mara moja. Mafuta ya kupikia yasitumike, huganda. Uhifadhi umelala, makali juu, pakavu. Kutu nyekundu ikionekana kwenye bapa, isikwanguliwe: kila mnoo huondoa chuma kisichorudi, na kazi hiyo ni ya mnoaji aliyefunzwa kwa miaka mingi.

Tahadhari hii ina sababu: upanga ulioletwa kutoka vitani unaweza kuwa hazina. Mwaka 1963 Mmarekani Walter Compton alirudisha, bila malipo, upanga wa mhunzi Kunimune uliopotea baada ya vita. Ulikuwa Hazina ya Taifa ya Japani, mali ya hekalu la Terukuni mjini Kagoshima.

Wiki ijayo: vyeti vya chama cha kuhifadhi panga kilichoundwa Japani mwaka 1948, na namna ya kupiga picha za msuka.