Mikaratusi ya mto Gucha: ing'olewe sawa, lakini nani atalipa?

Ukifungua mfereji mjini Kisii na maji yatoke, jua yametoka mbali. Mto Gucha, ambao huko chini huitwa Kuja, huanzia milima ya Kiabonyoru, Nyamira. Hupita Kegati, ambako mji huchota maji yake, kisha Ogembo, hadi Migori na Ziwa Victoria. Anachopanda mkulima wa huko juu kinakuhusu wewe.

Na kando ya mto amepanda mikaratusi. Mti huu hunywa maji kweli kweli. Uuweke kwenye chemchemi, itakauka polepole. Ndiyo maana mwaka 2009 John Michuki, wakati huo waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Hadi leo, tembea mabondeni uone. Bado ipo.

Usiseme ni ukaidi. Hebu piga hesabu kana kwamba shamba ni lako. Una nusu ekari, kipande chembamba kinachoshuka kutoka barabarani hadi mtoni: upana mita 20, urefu mita 100. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka uache kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingoni. Ukiambiwa 30, karibu theluthi ya shamba imeenda. Na mkaratusi hauombi mbolea. Miaka michache tu unauza nguzo na fito kwa wajenzi, na kuni kwa viwanda vya majani chai, ambavyo huzitumia kukaushia chai. Ukikata, kisiki kinachipuka tena. Karo ikifika, hiyo miti ndiyo benki yako.

Kwa hivyo amri pekee haitoshi. Anayekata miti anapata hasara leo, ilhali faida inaenda kwa watu wa chini ambao hata hawamjui. Hapo ndipo penye shida.

Kuna wenzetu walioliona hilo. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Wanaotegemea maji ya Tana, zikiwemo kampuni kubwa, huchangia pesa, na wakulima wa juu husaidiwa kutengeneza matuta, kupanda nyasi na miti, na kuchimba vidimbwi vya kuvuna maji ya mvua.

Kwetu mbona isiwezekane? Shilingi chache kwenye bili ya maji ya mji, na mchango wa viwanda vya chai, vingemsaidia mkulima avumilie hadi mianzi, nduma na nyasi za ng'ombe zianze kumlipa. Viwanda navyo vipate kuni kutoka miti iliyopandwa mlimani, mbali na maji.

Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, usiwaachie wazee peke yao. Nenda uulize: mkulima wa Kiabonyoru ametengewa ngapi? Kama jibu ni sufuri, msimlaumu akipanda tena.