Umelipia kanzu ya Idd, kumbe muuzaji hanayo: Dini inasemaje?

ZIMEBAKI wiki mbili kabla ya Idd. Mama anaona kwenye stetasi ya WhatsApp picha za kanzu za watoto, bei nafuu, na maneno: “Mzigo upo, lipia upate.” Anatuma fedha kwa simu. Kila akiuliza anajibiwa, “Uko njiani.” Sikukuu inapita, na kanzu inafika wiki moja baadaye, fupi na ya kitambaa kingine. Akilalamika, anaambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Asichojua mama ni kwamba muuzaji hakuwahi kuishika kanzu hiyo. Picha aliitoa kwenye duka la mtandaoni la China, akapandisha bei, na alipolipwa ndipo akaagiza. Biashara hii, iitwayo dropushipingi, huwavutia vijana kwa sababu haidai mtaji mkubwa wala fremu ya duka.

Uislamu haukatazi kuuza kwa mtandao. Tatizo liko kwenye mkataba. Sahaba Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu mteja anayetaka kitu ambacho yeye hana, naye akakinunue sokoni ndipo ampe. Mtume alimkataza kuuza asichokuwa nacho. Katazo hilo humlinda mnunuzi, asitoe fedha yake kwa kitu ambacho muuzaji hana uhakika wa kukipata. Mafakihi wana kanuni kwamba faida huenda pamoja na dhamana: anayetaka faida akubali pia kubeba hasara.

Kijana anayetaka kuifanya kazi hii kwa halali ana njia tatu.

Ya kwanza ni kununua mzigo na kuupokea, ndipo autangaze kuwa ni wake.

Ya pili ni uwakala. Anamwambia mteja wazi: “Mimi sina mzigo, nakuagizia, na malipo ya kazi yangu ni kiasi hiki.” Hapo anauza huduma yake, na mteja anajua anamlipa nani na kwa lipi.

Ya tatu ni salam. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kabla kwa matunda ya mwaka mmoja au miwili. Hakuwazuia, bali aliwataka wataje kipimo, uzito na muda unaojulikana. Kwa kanzu, hiyo ni saizi, aina ya kitambaa, rangi na tarehe ya kufika, huku bei yote ikilipwa papo hapo. Tarehe ikifika na mzigo haupo, mnunuzi huchagua kusubiri au kurudishiwa fedha zake. Ukija tofauti na ulivyoelezwa, ana haki ya kuukataa.

Na kauli ya “hairudishwi”? Haimsaidii muuzaji aliyeijua kasoro akaificha. Mnunuzi ana khiyari ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyokuwepo kabla hajakipokea.

Kabla ya kulipa, basi, mzazi aulize mambo manne: Mzigo uko mkononi mwako sasa hivi? Utafika tarehe gani? Ukichelewa au ukiharibika, nani anarudisha fedha? Naweza kuyapata majibu haya kwa maandishi? Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaagiza deni la muda liandikwe. Ujumbe wa simu, picha ya tangazo na risiti ya malipo visifutwe. Vitahitajika pia mbele ya vyombo vya serikali, kwani Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, na Tanzania Bara ina Tume ya Ushindani, FCC.

Lakini muuzaji naye ana wazazi. Huenda ni yule binti wa chumba cha pili, anayeshinda na simu akipokea oda. Naye aulizwe leo jioni, kwa upole: fedha za watu ulizopokea, mzigo wao uko wapi?