Orodha ya Waliohama: Mama Mmoja Asigeuke Watatu



Kila anayeishi katika saiti ya waliohama hapa Bunia anaijua siku ya orodha. Watu wanapanga mstari tangu alfajiri, karani anasoma majina, na kabla ya saa sita ugomvi umeanza. Mama mmoja amesomwa mara mbili, mwingine hakusomwa kabisa. Aliyekosa anasema watu wa bloku ile wamependelewa kwa sababu ya kwao. Mara nyingi hakuna aliyependelewa. Orodha yenyewe imejengwa vibaya. Lakini hapa Ituri, baada ya vita ya 1999 hadi 2003, na baada ya watu kuanza tena kukimbia Djugu mwezi Desemba 2017, neno “wamependelewa” si neno dogo. Kwa hiyo tunaeleza hapa jinsi orodha nzuri inavyojengwa. Maelezo haya ni kwa marais wa saiti, mashefu wa bloku, na kila mzazi ambaye jina lake limo ndani.

Orodha tuliyoizoea ni karatasi moja ndefu: jina la mkuu wa familia, watoto, kijiji, shefferi au sekta, teritwari, bloku, vitu alivyopokea, tarehe. Kila ugawaji karani ananakili yote upya. Tuseme mama Lotsove aliandikwa Lotsove Mave siku ya bashi. Siku ya sabuni akaandikwa Lotsobe. Kisha akahamia bloku nyingine, na karani mpya akamwandika Mave Lotsove. Kwa macho yetu ni mama mmoja; kwa kompyuta ni watatu. Mkaguzi akija anahesabu familia tatu kwenye karatasi na moja kwenye hema. Anasema tunadanganya, anakata majina. Anayekatwa anaweza kuwa mama Lotsove mwenyewe.

Dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alieleza kwamba habari zigawanywe katika majedwali, kila jedwali lihusu jambo moja tu, kisha yaunganishwe. Mwaka 1976 Peter Chen akaonyesha namna ya kuchora vitu na mahusiano yao kwanza, kabla ya kujenga chochote. Tufanye hivyo sisi pia, kwa kalamu tu.

Vitu vyetu ni vinne: Familia, Mtu, Kijiji, Ugawaji. Familia moja ina watu wengi. Kijiji kimoja kimetoa familia nyingi. Mahusiano hayo ni mepesi: unaandika namba ya familia kwenye mstari wa mtu, na namba ya kijiji kwenye mstari wa familia, basi. Ugawaji ni mgumu zaidi. Familia moja inapokea mara nyingi, na ugawaji mmoja unahudumia familia nyingi. Uhusiano wa wengi kwa wengi hauingii katika jedwali lolote kati ya hayo mawili. Unahitaji jedwali lake, tuliite Mapokezi. Kila mstari wake una namba ya familia, namba ya ugawaji, na kiasi kilichopokelewa.

Mmeona tunasema namba, si jina. Namba ndiyo ufunguo. Jina linaandikwa kwa namna nyingi, na watu wawili wanaweza kuitwa sawasawa. Kadi ya mpiga kura nayo mara nyingi imeungua pamoja na nyumba. Namba haibadiliki. Tena isiwe na maana ndani yake: ukiweka herufi ya bloku katika namba, familia ikihama namba inakuwa ya uongo.

Baada ya hapo kuna kazi ya kusafisha, ambayo mafundi wanaiita usawazishaji. Kwanza, kila chumba cha jedwali kiwe na jibu moja. Watoto watano hawaandikwi katika chumba kimoja; kila mmoja apate mstari wake katika jedwali la Mtu. Pili, katika Mapokezi usiandike tena tarehe wala bloku: tarehe ni habari ya ugawaji, bloku ni habari ya familia, na kila moja ina kwake. Tatu, usiandike shefferi kwenye mstari wa familia. Drodro iko Bahema-Nord, teritwari ya Djugu, hata kama hakuna familia hata moja iliyotoka huko. Basi hiyo ni habari ya kijiji, iandikwe mara moja tu katika jedwali la Kijiji.

Hatua hii ya tatu inagusa amani moja kwa moja. Tazama majina ya sekta na shefferi zetu: Bahema-Nord, Walendu-Pitsi na nyingine. Kuandika jina hilo kando ya kila familia ni kama kuandika kabila lake. Nchi jirani ya Rwanda mwaka 1994 ilituonyesha kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho linavyoweza kumuua mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Majedwali yakitengana, karatasi ya siku ya sabuni inabeba namba, jina na kiasi tu. Jedwali la Kijiji linabaki limefungwa, kwa mtu anayelihitaji kweli.

Ugumu mkubwa hauko kwenye kompyuta. Uko katika swali hili: familia ni nini? Mume mwenye wake wawili, ni familia moja au mbili? Maoni yetu ni kuhesabu wanaokula chungu kimoja, lakini kila saiti ikubaliane kabla ya kuandika, si siku ya ugawaji.

Na mtoto anayelelewa na shangazi? Wengi tunamwandika kuwa mtoto wa shangazi, kwa huruma, au kwa hofu kwamba atakosa chakula. Lakini huenda mama yake alivuka Ziwa Albert akafika Uganda na anamtafuta kupitia Msalaba Mwekundu. Tukimwandika hivyo, jina la mama limepotea kwenye karatasi, na mtafutaji atapita mlangoni bila kujua. Kinachofaa ni jedwali moja zaidi, la Uhusiano: namba ya mtoto, namba ya mtu mwingine, na neno moja, “mlezi” au “mzazi”. Mtoto anabaki katika chungu cha shangazi, chakula chake hakipungui, na mama yake anabaki mama yake. Mzazi asiyekuwa saiti naye apewe namba katika jedwali la Mtu, bila namba ya familia.

Yote haya yanawezekana kwa madaftari sita yenye mistari iliyopigwa rula. Kompyuta inaharakisha kutafuta tu. Shefu wa bloku anaweza kuanza na mawili, Familia na Mtu, akampa kila mama kipande cha karatasi chenye namba yake. Na siku ya kuandikisha, mama aombe asomewe mstari wake kwa sauti ya chini kabla karani hajafungua ukurasa mwingine.